Barua Tatu kwa Mzee Olkeju

Waliporudi kutoka kumzika Nashon Ondiek kule Rongo, mkewe Aketch aliketi kitandani katika nyumba yao ya Kitengela, akaifungua Biblia ya marehemu. Katikati ya Zaburi akakuta bahasha ya kaki ambayo haikuwa imefunguliwa kwa miaka tisa. Juu yake palikuwa pamepigwa taipu: Mzee Olkeju, Mwenye Shamba, Kajiado. Posta walikuwa wameigonga muhuri mwekundu, HAJULIKANI. Aketch akacheka peke yake, kisha akalia, na alipomaliza kulia akacheka tena.

Walihamia Kitengela mwaka wa 1994, wakati nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya choo cha jirani. Nashon alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado, ofisi ya mambo ya majengo. Siku ya Sabato aliimba besi kanisani, na siku nyingine alipiga taipu. Alipiga taipu vizuri sana. Hata orodha ya vitu vya sokoni alimwandikia Aketch kwa namba, moja hadi mwisho, na chini akaweka sahihi.

Kisha ikaja kazi kubwa. Serikali ilitaka kujenga jumba la mikutano la taifa, kwa pesa za umma, nje kidogo ya Kitengela. Kwa miaka miwili Nashon alipiga taipu karatasi za zabuni: vipimo vya kuta, idadi ya milango, masharti kwa makontrakta. Aliwaambia watoto, Dolphine na Melvin, kwamba siku moja marais watakalia viti ambavyo baba yao alikuwa wa kwanza kuvihesabu. Melvin alitaka kujua kama marais watapewa mito ya kukalia. Nashon akamwambia iko, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuandika orodha ya wenye mashamba ya mahali hapo, ili watie sahihi ya kukubali. Majina aliyanakili kutoka kwenye ramani: Lemein, Kisemei, Olkeju. Lemein alikuja akatia sahihi. Kisemei alikuja, akanywa chai vikombe vitatu, akatia sahihi. Olkeju hakuja. Nashon akamwandikia barua. Akamwandikia ya pili, yenye heshima zaidi. Ya tatu akaituma kwa rejista ya posta, nayo ikarudi.

Nashon akaanza kumwona Mzee Olkeju kuwa mtu mkaidi mwenye uchungu wa siri. Nyumbani, kwenye maombi ya jioni, akawa anamtaja kwa jina, Mungu alainishe moyo wake. Aketch na watoto wakaitikia amina. Waliomba hivyo miezi minne.

Ilipofika Agosti 1997, Injinia Kitonga, mkubwa wa ofisi, alisema hawawezi kungoja tena. Tangazo la zabuni litatoka gazetini Ijumaa, na sahihi ya huyo mzee itafuata. Sanduku la zabuni, la rangi ya kijani na kufuli mbili, lilikuwa tayari kwenye veranda. Na katika droo ya injinia mlikuwa na barua ya kumpendekeza Nashon awe karani mkuu, inayongoja tangazo litoke salama. Nashon alikuwa ameingoja hiyo barua miaka kumi na moja.

Jumatano, Nailantei aliyewauzia maziwa pale ofisini aliingia na mtungi wake. Nashon alimsalimia kwa Kimaasai kama kawaida, “Takwenya,” naye akajibu, “Iko.” Kwa kuwa mama huyo alikuwa mtu wa upande ule wa Kitengela, akamuuliza kama anamfahamu Mzee Olkeju.

“Unamtafutia nini, Baba Dolphine?”

“Nimemwandikia barua tatu. Hajibu.”

Nailantei aliweka mtungi chini ili asimwage maziwa kwa kucheka. “Huyo hajui kusoma,” akasema. “Na siku akija hapa, nyinyi wote mtatoka kwa dirisha. Olkeju ni mto, baba. Kwa Kimaasai ni mto tu. Saa hii umekauka, ng’ombe wanapita.”

Nashon alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaenda kuitazama ramani, akaacha kucheka. Nakala yake ilikuwa ya wino mweusi tu, bila buluu ya kuonyesha mito, na mstari aliodhani ni mpaka wa shamba ulikuwa umepindapinda kama nyoka, jina likiufuata kila unapopinda. Ukumbi mkubwa, wa watu elfu tatu, ulikuwa umechorwa juu yake.

Jioni, wakila, alimweleza Aketch.

“Tumeombea mto?” Aketch akauliza.

“Miezi minne.”

Walicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Baadaye Nashon akamweleza habari ya droo. Ofisini hakuna mwingine aliyejua kwamba Olkeju ni mto. Vitabu arobaini vya zabuni vilikuwa vimeshashonwa, na chini ya ile orodha palikuwa na jina lake. Akinyamaza, kontrakta atagundua mwenyewe akianza kuchimba, na wakati huo yeye atakuwa ameshapata cheo.

Aketch alimwambia angoje barua itoke kwanza. Alisema hivyo, na hajawahi kukana. Nashon aliosha mikono, akapiga pasi shati lake jeupe mwenyewe, na kwenye maombi akataja watu wote isipokuwa Olkeju.

Asubuhi alisimama mbele ya Injinia Kitonga na kumweleza yote. Injinia akaivuta simu karibu.

“Ondiek,” akasema, “unataka nipige simu Nairobi niseme tumekuwa tukiuandikia mto barua?”

“Ndiyo, bwana. Moja kwa rejista.”

Tangazo halikutoka. Barua ya cheo nayo haikutoka. Makarani wenzake walimwita Bwana Mto, na Joram wa stoo alimuuliza kila asubuhi kama mzee amejibu.

Oktoba mvua ya El Nino ikaanza. Olkeju alishuka na magogo na mawe, akang’oa alama zote za wapimaji, akapita mahali pa ukumbi kwa upana wa barabara mbili. Asubuhi moja Injinia Kitonga alisimama mlangoni, koti likichuruzika maji.

“Ondiek,” akasema, “mzee wako amekuja.”

Nashon hakupata shukrani nyingine. Mipango ilirudishwa Nairobi ikapangwe upya, na jumba hilo halikusikika tena. Alistaafu akiwa karani. Lakini kila msimu wa mvua, Sabato baada ya chakula, aliipeleka familia yake ukingoni, akavua kofia na kuusalimia mto kwa Kimaasai, “Supa, mzee,” na watoto wakaitikia kwa niaba ya maji, “Ipa.”

Sasa ilikuwa Novemba 2006, na mvua ilikuwa imenyesha. Aketch akawaita watoto, ambao hawakuwa watoto tena, wakatembea mpaka pale. Maji yalikuwa yamejaa. Melvin alitaka waitupe bahasha mtoni, imfikie mwenyewe. Aketch akakataa. Akasema baba yao hakuwahi kutupa karatasi ya serikali, akairudisha katika Zaburi.

Walisimama kidogo. Dolphine akavua leso kichwani, akasema, “Supa, mzee.”

Aketch ndiye aliyeitikia.