Nilivyoshona mkia wa ndege ya vita kwa ajili ya guka

Wakuu, kuna swali lilininyima usingizi wiki mbili. Ukigundua kwamba mtu aliyechekwa na kila mtu alikuwa anasema ukweli, unamwambia yule aliyemcheka, ama unanyamaza?

Salamu kutoka Kaaga, Meru. Nitasimulia vile ilikuwa, hata pale nilipojiaibisha.

Mimi ni msichana, nilimaliza chuo Embu mwaka jana na bado natuma CV. Ni mtu wa ku-overthink. Email ya mistari mitatu inaweza kunimalizia asubuhi nzima.

Sasa, kwa mitumba hapa town nikapata boksi la modeli ya Hurricane, ndege ya kivita ya Vita vya Pili. Vipande vyote vilikuwemo, karatasi ya maelekezo haikuwemo.

Nikaichukua kwa sababu ya guka, babu yangu.

(Mnaouliza msichana na ndege za vita ni wapi na wapi, tulieni.)

Baba yake guka alipelekwa Burma katika vita hivyo. Aliporudi kijijini kwetu Kianjai akasimulia sokoni kwamba kazi yake ilikuwa kushona ndege. Kwa sindano na uzi. Ati nyuma ilikuwa ya kitambaa.

Watu walicheka mpaka wakamwita Fundi wa Marinda.

Guka alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Siku moja baba yake akisimulia, guka na rafiki yake M'Arimi wakaangua kicheko mbele yake.  Mzee hakuitaja tena hiyo ndege mpaka akafa.

Guka hutusimulia hii kama kichekesho, kila Krismasi. Sisi wote hucheka.

Basi nikaanza kuunganisha. Chumba cha rubani peke yake kilinichukua siku nne. Mikanda ya kiti niliikata kutoka kwa karatasi ya majani chai.

Nilipofika nyuma nikaona plastiki ina mistari mistari iliyoinuka, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Nikadhani ni makosa ya kiwanda. Nikaipiga msasa mpaka ikawa laini kama yai.

Halafu nikaingia online kuuliza rangi. Jamaa mmoja akaona picha ya modeli niliyoweka akaniandikia, "Dada, umefuta kitambaa."

Ile mistari ilikuwa mbavu za mbao zinazoonekana chini ya nguo. Hurricane, kutoka nyuma ya rubani mpaka mkiani, ilifunikwa kitambaa. Kinavutwa, kinashonwa, kinapakwa dawa ya kukikaza.

Nilikaa chini, wakuu.

Guka ana miaka themanini na saba. Macho yamefifia. Nikimwambia, kichekesho chake cha maisha yote kinageuka kuwa kitu kingine. Na yule wa kuombwa msamaha hayuko.

Nikamuuliza mama. Akasema, "Wewe, mzee ana pressure. Hiyo toy itamsaidia na nini? Mwachie Krismasi yake."

Nilikaribia kumsikiza. Lakini kila nikishika ile modeli, pale nyuma palipo laini palinisuta. Mimi pia nilikuwa nimemfuta yule mzee wa Burma.

Nikaikata plastiki ya nyuma. Nikapanga mbavu za vijiti vya meno, nikafunika na kipande cha shuka ya zamani, nikashona, nikakaza na gundi ya mbao iliyotiwa maji. Nilirudia mara tatu.

Jumapili baada ya kanisa nikampelekea Kianjai. Nilikuwa nimeandika speech. Sikuitumia. Nilisema tu, "Guka, ilikuwa ya kitambaa. Alisema ukweli."

Akaipokea na mikono miwili. Kidole kikapita juu ya bawa, kikashuka nyuma, kikasimama kwenye nguo. Kikakaa hapo.

"Nani ameshona hii?"

"Ni mimi, guka."

"Umeshona vibaya. Mishono mikubwa kama ya gunia." Akapapasa tena kile kitambaa. "Yake ilikuwa midogo, huwezi kuiona. Kaptura yangu ya shule ni yeye alikuwa akiishona, si mama. Sikumuuliza hata siku moja alijifunzia wapi."

Alilia kidogo. Mimi nililia sana. Pressure ilikuwa sawa, mama tulia.

Kisha akaomba kofia yake na fimbo. "Twende kwa M'Arimi. Kati ya tuliocheka, amebaki yeye tu."

Tulitembea polepole, yeye akiwa amebeba ndege mwenyewe. Alikataa nimsaidie.

Nilichojifunza ni kwamba zile wiki mbili niliogopa kwa niaba ya mtu ambaye hakuniomba nimwogopee.

Kama kwenu kuna mzee aliyechekwa kwa hadithi yake, niandikieni hapa chini, nitasoma zote. Na mafundi wa modeli, najua mtaniuliza rangi. Mbele nimepaka kijani na kahawia. Nyuma nimeacha bila rangi, ili mishono ionekane.