Foili Isiyo na Tundu

Nilikuwa naosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo, pale Alupe. Kazi yangu ilikuwa sinki, sakafu na kunyamaza. Hilo la tatu sikuagizwa na mtu.

Mwanafunzi mmoja, tuliyemwita daktari kwa utani, alipanga chupa sita ndogo dirishani, akafunika kila moja kwa foili ya alumini na mpira. Ndani, katika dawa ya majimaji, alikuwa ameyeyusha vitu viwili, kimoja chenye iodini, kingine chenye nitrojeni. Kisha mto ukafurika kwao Budalang'i, akaenda kuwahamisha wazazi wake.

Nikipangusa dirisha, niliona foili zote zina vitundu. Nikajua ni mende. Kwetu chombo hakiachwi wazi: maziwa hufunikwa, maji hufunikwa, hata chumvi, maana vumbi la malori huingia kila mahali. Nikakata foili mpya, nikazikunja mara mbili, nikakaza mipira. Harufu kali ya pale dirishani ikaisha. Nilifurahi.

Alirudi baada ya majuma matatu, viatu vikiwa na matope. Akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga, ya pili, mpaka zote.

"Vimekataa," alisema. "Dada, njoo uone. Hakuna hata punje."

"Vimekataa nini?"

"Kushikana. Iodini iko na upande mmoja unavuta nitrojeni. Si kuungana kabisa. Ni kama malori kwenye foleni ya Malaba: kila moja linasogea moja kwa moja nyuma ya lingine, hakuna kamba, lakini foleni inanyooka. Dawa ikitoka polepole kama mvuke, vinajipanga hivyo mpaka unapata fuwele, punje ngumu zenye pembe." Akachukua kipande cha foili, akakitoboa kwa sindano. "Dawa inatokea kwenye tundu hili."

Nikakumbuka vile vitundu. Yeye alikuwa kati yangu na mlango. Nyuma yangu sinki.

"Dawa haijapungua sana, nadhani ni hii mvua," akaendelea. "Lakini hata chembe moja ukingoni? Mwalimu anataka jibu leo. Naandika havishikani, basi. Mwaka mzima, dada. Bure."

Akafungua daftari. Ningenyamaza, nani angejua? Foili zilifanana. Angeandika jambo lisilo la kweli, na wengine wangelisoma wakaliamini. Kalamu ilifika katikati ya mstari. Mwishowe nikagonga meza kwa kiganja.

"Boss, ngoja. Hizo foili ni zangu."

"Zako aje?"

"Za kwako zilikuwa na matundu. Nilidhani ni mende."

Alishika chupa moja, akapapasa foili kwa kidole, polepole, kama anayetafuta mwiba.

"Mende," alisema. "Mende wa kwenu wanakula foili?"

Nilitamani anitukane, anifukuze, angalau nipite mlangoni. Badala yake alikata alichokiandika kwa mstari mmoja, akanigeuzia daftari.

"Andika. Ulifanya nini, siku gani. Mimi sikuwepo."

"Mimi siandiki haraka."

"Nani anakukimbiza?"

Akavuta kiti, akakaa palepale mlangoni. Akaanza kutoboa foili za chupa, moja baada ya nyingine, bila kuniangalia. Harufu ikarudi. Nikaandika "Nilifunika", nikapumzisha mkono, nikaanza neno la pili.