Fundi Hakika Hakumbuki

Mjomba wangu hutengeneza sehemu za boti ambazo hakuna abiria anayeziona: propela, shafti, usukani, kila kilicho chini ya maji. Ndiyo maana hakuna anayemsifu. Boti ikipakwa rangi mpya watu husema imependeza. Mjomba akinyoosha shafti iliyopinda, watu husema inakwenda. Kana kwamba kwenda si kazi.

Gatini wanamwita Hakika, na si jina la heshima. Akifunga nati ataigusa, ataondoka, atarudi kuigusa tena. Nyumbani ni yule yule: akizima jiko anataka shahidi. Mkewe, ambaye sote humwita Mama Mapacha, aliwahi kumwambia mbele ya wageni, "Baba Mapacha, siku ukifa utakaa kaburini ukijiuliza kama umekufa vizuri." Mjomba alicheka kama sisi, kisha akaenda kuangalia jiko.

Wiki ile boti ya abiria iligonga mwamba pale kwenye ncha ya nchi kavu, mahali mkondo unapobana. Ikavutwa hadi kwenye mteremko wa saruji mbele ya karakana yetu, na kila mpita njia akauona uchi wake. Bawa moja la propela lilikuwa limejikunja kama sikio la mbuzi asiyetaka kusikia. Shafti ilikuwa imepinda kidogo, kiasi cha jicho kukataa na mkono kukubali. Bushi ya mpira inayoishika shafti ilikuwa imetafunwa. Mjomba akagonga, akanyoosha, akapima, akabadilisha bushi. Ikabaki kurudisha propela tu.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo roho yake ilipokuja kukwama. Ncha ya shafti imechongwa kama karoti, na propela huvishwa hapo. Kati yao hukaa kipande chembamba cha chuma kwenye mfereji wake, ili shafti ikizunguka isiiache propela nyuma. Chuma hicho kina tabia ya mgeni anayesogea kidogo kidogo mpaka anakalia kiti chako. Kikipanda tu, propela hukalia chuma badala ya kukalia shafti. Nati itakaza, utajisifu, boti itaondoka. Mbele ya safari italegea. Kwa hiyo mjomba huvisha kwanza bila chuma, huweka alama ya rangi ya njano pale propela inapoishia, huivua, hutia chuma, huvisha tena, kisha huangalia: je, imefika kwenye alama?

Siku ya kuishusha, nahodha alikuwa amemsimamia kichwani. Abiria walishajaa gatini, na miongoni mwao Mama Mapacha na kikapu chake, anakwenda ng'ambo kwa dada yake aliyejifungua.

"Hakika, hiyo nati utaifunga au utaioa?" nahodha akauliza.

Watu wakacheka. Mjomba akafunga. Boti ikateleza majini, ikapakia, ikaondoka.

Mjomba akaenda kunawa. Sabuni ikiwa bado mikononi, akasimama.

"Uliniona nikiangalia alama?"

"Mjomba, nilikuona ukiangalia kila kitu mpaka viatu vyangu."

"Alama. Mara ya pili. Baada ya kutia chuma."

Nilimkumbuka akipaka rangi. Nilimkumbuka akikaza nati, shingo imemsimama kwa aibu ya kuchekwa. Katikati hapo sikuwa na kitu.

"Mimi pia sina," akasema, ingawa sikuwa nimemjibu.

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Ila povu lilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko na hakulihisi, nikaumeza. Boti iliyopoteza propela haina breki wala pa kushika. Mkondo ungeipeleka kwenye mwamba ule ule, safari hii ikiwa na watu.

Akampigia nahodha, nami nikisikiliza.

"Hakika! Nilishaanza kukukumbuka," nahodha akacheka. "Injini inaimba. Nenda kalale." Akakata.

Simlaumu. Kila boti tuliyoishusha, mjomba alipiga simu kuulizia. Ukimwita mtu kila siku kwa moshi, siku ya moto atakuuliza unapika nini.

"Labda ni ugonjwa wangu tu," mjomba akaniambia. "Nitajuaje? Kila siku moyo unaniambia hivi hivi."

Akampigia mkewe.

"Mama Mapacha, uko wapi?"

"Juu ya maji. Ulitaka niwe wapi, juu ya mti?"

"Nenda nyuma kabisa. Weka kiganja sakafuni, uniambie kama panatikisika."

"Nyuma kuna baba mmoja kavua viatu."

"Mke wangu. Nakuomba."

Tukasikia injini, mtoto akilia, mtu akisema samahani mama, huo ni mguu wangu. Kisha sauti yake, si kwetu: "Nahodha! Punguza! Huku nyuma panatikisika!"

"Mwambie asitie rivasi!" mjomba akapiga kelele. "Hata kidogo! Akirudi kinyumenyume ataivua!"

Walikuwa hawajafika kwenye ncha. Wakageuza, wakarudi kwa mwendo wa konokono, na muda wote huo mjomba alisimama ukingoni mwa gati akiikodolea macho.

Tukaivuta juu. Akalala chali kwenye saruji yenye maji, akafuta grisi kwa kidole gumba. Nami nikainama. Mstari wa njano ulikuwa umekaa ukingoni mwa propela sawasawa, kama nyusi juu ya jicho. Ilikuwa imefika. Ilikuwa imefika tangu mwanzo.

Sijui kama umewahi kumwona mtu akipata habari njema na kutamani iwe mbaya kidogo.

"Tumerudishwa kama barua isiyo na stempu!" abiria mmoja akalalama.

"Fundi, propela ikikujibu, tuambie imesemaje," mwingine akadakia.

"Lakini mkeo kasema panatikisika!" nahodha akafoka.

"Palitikisika," Mama Mapacha akasema, akamkazia macho mpaka nahodha akaanza kukagua kamba zake.

Shafti imenyooka, propela imekaa, pangetikisikaje? Mjomba akamvuta mkewe nyuma ya mapipa.

"Ulihisi nini kweli?"

"Sakafu. Pametulia kama meza."

"Sasa kwa nini..."

"Siku zote huwa unauliza. Leo uliomba." Akafuta kiganja chake chenye tope kwenye shati la mumewe. "Na kama ningepuuza halafu ikawa kweli, ungebaki na nani wa kumsumbua?"

Boti ikashushwa tena. Safari hii mjomba aliiweka mikono nyuma, mmoja umeushika mwingine kama polisi na mwizi. Ilipoondoka na Mama Mapacha ndani, akanipa simu yake.

"Kaa nayo. Nikiwa nayo mimi nitapiga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apige mwenyewe."

Akaingia karakanani kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Nikaketi juu ya pipa, nikimtungia maneno ya kumkaribisha nayo akitoka. Boti ikaikaribia ncha, ikaizunguka, ikapotea. Simu haikulia. Nikaangalia kama ina chaji. Nikaangalia kama mtandao upo. Nikaangalia chaji tena.

Ilipolia, niliipokea kabla mlio haujaisha.

"Mama, mmefika?"

"Tumefika. Mtoto ana nywele huyu, utadhani kazaliwa na kofia! Wewe mbona unahema?"

"Sihemi," nikamwambia, huku nikikimbia kumpelekea mjomba simu.