Niliwaunganisha Wanjiru Wawili

Admin, nifichie jina, maana hapa Waithaka kila mtu ananijua. Nina miaka sabini na saba, ni mzee wa kanisa, na ninaogopa kwenda kumwona mgonjwa mmoja.

Miaka ya sabini nilikuwa kati ya Waafrika wachache mjini walioandika programu za kompyuta. Mashine ilijaza chumba kizima, tukiilisha kadi zilizotobolewa matundu. Nilivaa tai hata Jumamosi, na kusema kweli nilikuwa na maringo. Hospitali moja ikatupa kazi ya kuhamisha rekodi za wagonjwa kutoka kwenye makabati. Wengi walikuwa wameandikwa mara mbili, kwa hivyo nikaiagiza mashine: jina likilingana, na baba, na mwaka wa kuzaliwa, na mtaa, huyo ni mtu mmoja. Bakisha rekodi mpya, tupa ya zamani.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mimi ni Mkikuyu wa Dagoretti. Baba alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la nyanya yetu mzaa baba. Nina dada wawili wanaoitwa Wambui, nimekula nao sahani moja, na bado sikufikiria.

Basi Wanjiru wawili wa baba mmoja na mama tofauti, waliozaliwa mwaka mmoja, wakafanywa mtu mmoja. Mmoja wao mwili wake haukukubali penisilini, na onyo lilikuwa kwenye rekodi iliyotupwa. Alikwenda hospitali na kidonda cha mguu. Nesi akasoma karatasi ya mashine, hakuona onyo, akamdunga sindano ya penisilini. Msichana alikufa palepale kitandani, miaka kumi na tisa.

Kadi yake ya zamani ya kabatini ilipopatikana stoo, onyo likiwa kwa wino mwekundu, wakasema lazima hata karatasi ya mashine ilikuwa nalo, nesi hakusoma vizuri. Akafutwa kazi. Mimi nilipopekua rekodi nikaona kilichotokea, nikamwambia mkubwa wangu. Hakuinua hata macho. "Wewe wachana na hiyo maneno. Kwani sindano ni wewe ulidunga?" Nikarekebisha programu kimyakimya, na baadaye nikapandishwa cheo.

Nesi hakuajiriwa tena. Aliuza mboga miaka mingi, kisha akahamia huku na kujiunga na kanisa letu. Nilimtambua kwa jina. Yeye hajui mimi ni nani. Sasa ana saratani, na madaktari wamemrudisha nyumbani. Juzi aliniita.

"Mzee, kuna msichana niliua," akaniambia. "Ile karatasi niliisoma mara mbili, lakini walisema onyo lilikuwepo. Labda ni macho yangu. Niombee Mungu anisamehe."

Nikamshika mkono, nikafumba macho, nikamwombea asamehewe. Akanishukuru mpaka akalia.

Anataka nirudi Jumapili. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba maisha yake yaliharibiwa bure, na aliyeyaharibu ndiye aliyemwombea. Nikinyamaza, atakufa akijiita muuaji. Ninyi mnaosoma, angekuwa mama yenu, mngetaka aambiwe? Nishaurini kabla ya Jumapili.