Jumamosi za Gareth

Doreen Entwistle, jirani yangu hapa Oldham, alipakulia watoto wa shule chakula miaka ishirini na sita, na sauti yake ilitosha kunyamazisha ukumbi mzima. Mtu wa namna hiyo alipostaafu akajichagulia kazi ya kukaa kimya. Nilimcheka waziwazi, naye hakujali.

Kazi yenyewe haina mshahara. Asiyemudu wakili hujisemea mwenyewe mahakamani, na anaruhusiwa kuketi na mtu wa kumpangia karatasi, kumwandikia yanayosemwa na kumnong'oneza. Kumsemea ni mwiko, labda hakimu mwenyewe atoe ruhusa. Katika kesi yake ya kwanza Doreen alimkatiza wakili wa upande wa pili mara mbili, akatolewa nje. Tangu hapo alijifunza kuuma ulimi.

Mwezi wa pili alimjia Gareth Ormerod, fundi wa kuezeka mapaa, mwenye kigugumizi kizito. Binti yake Elsie, wa miaka saba, ana pumu. Siku moja alibanwa kifua akiwa kwa baba yake. Gareth akapiga simu ya dharura, maneno yakamkwama, mpaka jirani yake mmoja akampokonya simu na kuita gari la wagonjwa. Mtoto alipona, lakini mama yake, Kirsty, ambaye waliachana zamani, hakutaka tena abaki peke yake na baba. Kwa miezi mitano Gareth alimwona saa moja tu kwa wiki, bibi wa mtoto akiwa ameketi kando yao. Alichoomba ni Jumamosi nzima, yeye na mwanawe tu. Kirsty simlaumu. Hata mimi ningeogopa.

Wiki tatu walijiandaa jikoni kwa Doreen. Kila neno lilipomkwama, Doreen alijimiminia chai akasubiri. Alikunywa chai nyingi sana mwezi ule.

Siku ya kesi, hakimu, mwanamke mtaratibu, aliuliza swali ambalo wote walilijua: Elsie akibanwa kifua mkiwa wawili tu, utafanya nini? Gareth akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mishipa ya shingo ikamsimama, wakili wa Kirsty akatazama saa yake, na hakimu akaingiwa na huruma.

"Bi Entwistle, naweza kukuruhusu umjibie. Ungependa?"

Jibu lote lilikuwa kwenye daftari la Doreen. Gareth alimgeukia kwa macho ya kumsihi.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Doreen. "Jibu analo mwenyewe. Anachoomba ni muda."

Alipofika hapo akinisimulia, nilikasirika, nikamwambia ana roho ngumu. Akaniambia ninyamaze nisikilize.

Hakimu aliweka kalamu chini.

"Na-namkalisha wima," Gareth alisema. "Pa-pampu yake. Mara kumi. Halafu si-simu. A-anwani kwanza. Jina baadaye. Wa-wakishajua nyumba, ga-gari linaondoka. Nitakwama, lakini gari li-liko njiani."

Ilimchukua karibu dakika nne. Kirsty, aliyekuwa ameinamia meza tangu asubuhi, sasa alikuwa amemkazia macho. Hakimu akampa Gareth Jumamosi zake, saa wapatane wazazi wenyewe.

Nje kwenye korido Gareth hakushukuru. Kwa hasira akamuuliza Doreen, kwa taabu, kwa nini alimwacha aaibike vile mbele za watu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Doreen. "Hofu ya Kirsty ni kwamba bila mtu wa kukusemea huwezi. Leo ningekusemea mimi, ningekuwa shahidi wake."

Gareth alivuta zipu ya koti juu, akaishusha, akaivuta tena. Ndipo Kirsty alipowafuata, begi begani, akasimama mbele yake.

"Jumamosi nimlete saa ngapi?"

Gareth akakwama kwenye neno la kwanza. Doreen alijua anachotaka kusema; walikwisha kukizungumza. Kirsty naye alikijua, maana alikaa na mtu huyu miaka sita, na miaka yote sita alikuwa akimmalizia sentensi zake. Watu walipita, mlango ukafunguka na kufungwa. Wanawake wale wawili walisimama wakimsubiri, hakuna aliyemmalizia.

"Sa-saa nne," alisema Gareth.

"Haya," alisema Kirsty. "Saa nne."