Glavu za Shangazi

"Glavu hazivuliwi bandani." Kanuni hiyo aliitunga shangazi yangu mwenyewe, mlezi wa wanyama yatima. Tumbili aliwaogopa, maana hutoa meno na kupiga kelele kabla ya kuuma. Popo aliwaonea huruma.

Siku moja kitoto cha popo kilikataa chupa. Shangazi akavua glavu, akakilambisha maziwa kidoleni.

"Shangazi, kitakuuma!"

"Hiki? Wewe uliniuma zaidi ulipoota meno!"

Tukacheka. Kweli kikamuuma, ila jeraha lilikuwa dogo kama tundu la sindano, naye hakwenda zahanati. Angeumwa na tumbili, angekimbia kudungwa chanjo. Wiki chache baadaye, kichaa cha mbwa, ambacho hata popo huambukiza, kilipompanda, hakuweza kumeza hata maji. Tulimzika. Kanuni aliyoitunga aliivunja mara moja tu, ikamgharimu maisha.