Msusi Aliyejibu "Bado"

Chumba kilikuwa na madirisha mawili, na hayo ndiyo yaliyomponza. Vyumba vingine alivyoonyeshwa na dalali vilikuwa na kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani. Hiki kilitazama ua uliofagiwa, kamba ya nguo na ndoo zilizopangwa kwa ukubwa. Msusi alisimama katikati ya sakafu ya saruji, akaona pale kitanda, pale kabati, na pale kwenye kona yenye kivuli godoro dogo la pacha wake. Alikuwa bado analitazama godoro ambalo halipo wakati mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni na funguo mkononi, alipomuuliza:

"Una watoto?"

"Bado," alijibu.

Neno lilitoka lenyewe. Hakusema hapana. Mwanamke asiye na mtoto hasemi hapana, husema bado, ili asijifungie mlango kwa mkono wake. Kwa hiyo hata uongo wake ulitoka na adabu zake. Na saa hiyohiyo, upande wa pili wa mji, pacha wake wa miaka mitatu walikuwa nyumbani kwa dada yake, bila shaka wakigombea kijiko.

Katika nyumba zilizotangulia alikuwa amesema kweli. Mwenye nyumba mmoja alisema chumba kimepata mtu jana. Mwingine alisema mtoto mmoja angeweza kuvumilia, lakini pacha ni mkutano wa hadhara. Mwishowe dalali alimweka kando, kwenye kivuli cha ukuta, akamsema.

"Dada yangu, unatafuta chumba au unatoa ushahidi? Mtu anakuuliza kidogo tu, wewe unamtajia mpaka meno waliyoota. Nyamaza. Ukishaingiza kabati ndani, nani atakutoa?"

Mumewe, fundi rangi aliyekuwa kwenye jengo la mbali, alikuwa na mawazo mengine. "Ungesema tu," alimwambia kwenye simu.

"Ningesema, ningelala wapi? Kwenye ndoo yako ya rangi?"

Kutoka mbali ni rahisi kuwa mkweli.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Watoto wangebaki kwa dada yake kwanza. Mwenye nyumba angemzoea, angeona jinsi anavyofagia na anavyofunga bomba, kisha siku moja nzuri angemwambia. Siku nzuri zilikuja kadhaa. Kila moja aliiacha ipite, akiingojea iliyo nzuri zaidi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kimya. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye mitambo ya simu ya ofisi moja kubwa, akiunganisha sauti za watu, na alipenda kusema kwamba alipostaafu yeye, masikio yake yalistaafu pia. Redio zilizimwa mapema. Viatu vya visigino vilivuliwa kwenye kizingiti. Watu walijua hataki watoto, wakadhani wanajua sababu.

Lile "bado" lilifanya kazi ambayo msusi hakuitarajia. Lilimlainisha yule mama. Alianza kumwita mwanangu. Alimletea nusu ya papai, akaiweka dirishani bila kusema kitu. Jioni moja, wakianua nguo, alimgusa mkono.

"Usihangaike moyo. Hata mimi nilichelewa. Kila nikisali nakutaja."

"Amina, mama," msusi alisema. Alikuwa na watoto wawili wazima wenye miguu ya kukimbia, na hapa anaombewa wapatikane. Kila wema wa Bi Kimya aliupokea kama mtu anayepokea nguo ya marehemu wakati marehemu yuko hai. Usiku alijilaza akikumbuka sauti zao, yule wa kike waliyemwita Kasuku kwa maneno mengi, na yule wa kiume waliyemwita Mzee kwa sababu alizaliwa na uso wa mtu mwenye shughuli.

Kisha dada yake akapiga simu.

"Jumapili njoo uwachukue wanao. Mama mkwe analetwa, hali yake si nzuri, na chumba ni hiki hiki."

"Dada, nisogezee kidogo tu."

"Nikusogezee wapi? Niwaweke kichwani?" Akavuta pumzi. "Mdogo wangu, sikufukuzii watoto. Lakini Kasuku ameanza kuniita mama. Sikumfundisha mimi."

Hilo la mwisho lilimwingia msusi kuliko yote.

Jumamosi, siku moja kabla ya kwenda kuwachukua, Bi Kimya alitoka chumbani kwake ameshika chanuo na kopo la mafuta. Alitaka kusukwa. Alikaa kwenye kigoda uani, msusi akakaa nyuma yake kwenye kiti, na kichwa chenye mvi cha mwenye nyumba kikawa katikati ya magoti yake. Alizigawa nywele kwa ncha ya chanuo, akachora njia ya kwanza kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Alijiambia: nikimaliza upande huu, nitasema. Alimaliza upande ule. Akajiambia: mistari miwili mingine.

Ndipo geti lilipogongwa.

"Hodi! Mama Pacha! Mama Pacha yupo?"

Vidole vyake vilisimama ndani ya nywele. Ilikuwa sauti ya mteja wake wa zamani, muuza vitambaa, mwanamke asiyejua kusema jambo kwa sauti ya chini.

"Anamwita nani?" Bi Kimya aliuliza, kichwa kimeinama.

Kabla hajajibiwa, muuza vitambaa alikuwa ameshaingia. "Umejificha kweli! Nimekuulizia saluni, nimekuulizia kwa dalali. Haya, Mama Pacha, harusi ya mdogo wangu ndiyo hiyo imefika, na mimi na kichwa hiki!"

"Pacha gani?" Bi Kimya alitaka kugeuka, lakini msuko ulikuwa mkononi mwa msusi, nusu umekazwa, na hakuweza.

Msusi alisikia uongo ukifika mdomoni umevaa na kujipamba. "Ni mtindo, mama. Nasuka mistari inayokwenda miwili miwili, inaitwa pacha. Ndiyo wateja wakaniita hivyo."

Akamtazama muuza vitambaa juu ya kichwa cha yule mama. Sijui kulikuwa na nini katika yale macho. Muuza vitambaa alifungua mdomo, akaufunga, akatazama ua usio na nguo hata moja ya mtoto kwenye kamba, akaelewa nusu yake.

"Eh," alisema, "kwa pacha hana mpinzani. Basi nitarudi, shoga yangu. Kichwa hakihami." Akaondoka kwa haraka ambayo haikuwa yake.

Bi Kimya alicheka. Alicheka vizuri, mabega yake yakitikisika kwenye magoti ya msusi. "Na mimi nisuke huo wa pacha basi. Kwani nimekosa nini?"

Hatari ilikuwa imepita. Msusi alichora njia mbili pamoja, akaanza kusuka mtindo ambao haukuwapo duniani mpaka dakika ile, na jasho likamtiririka mgongoni kama mtu aliyebeba gunia.

"Hivi, watu wanasemaje kuhusu mimi na watoto?" Bi Kimya aliuliza ghafla.

"Wanasema hupendi kelele, mama."

"Wanasema hivyo, eh?" Alinyoosha kidole. "Unaliona tangi lile?"

Pembeni mwa ua palikuwa na tangi la maji lililochimbwa chini ya ardhi. Mfuniko wake wa bati ulikuwa umeegemezwa ukutani, na mdomo wake uko wazi, mweusi, sawa na usawa wa ardhi.

"Kuna mpangaji alikaa chumba hicho chako. Aliniambia yupo na mumewe tu. Kumbe ana katoto, anakafungia ndani kutwa nzima, kamefundishwa kunyamaza. Mimi sijui. Mchana mmoja nachota maji, nikasikia hodi, nikaenda mlangoni nikaacha tangi wazi. Huku nyuma nikasikia kitu kimeanguka majini. Nikasema ni ndoo." Akarudia polepole: "Nikasema ni ndoo. Kwa nini niseme mtoto, na nyumba haina mtoto? Nikaendelea kuongea na mgeni."

Msusi aliacha kusuka.

"Kumbe kale katoto kalikuwa kamechoropoka. Walimtoa. Alitapika, akalia, na sijasikia sauti tamu kama ile. Wakahama jioni ileile. Lakini mimi nilihamia wapi? Ndiyo maana nauliza. Ukiniambia huna, nafunua tangi naliacha lipate hewa, nalala usingizi wangu."

Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umekwisha. Wa kulia nywele zilisimama wima, nyeupe, kama za mtu aliyeshtushwa. Msusi alifikiria kesho, Kasuku akikimbia kwenye ua huu mpya bila kutazama chini.

"Mama," alisema, "pacha si mtindo."

Bi Kimya hakusogea.

"Ninao. Wako kwa dada yangu. Kesho nilikuwa niwalete."

"Wana umri gani?"

"Miaka mitatu."

"Wote?"

"Ni pacha, mama."

Mahali pengine wangecheka. Bi Kimya alitazama mikono yake iliyolala mapajani. "Na mimi nakuombea," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nakuombea kwa kukutaja."

"Nisamehe."

"Malizia kichwa. Siwezi kutoka nje hivi."

Akamalizia. Mistari ilinyooka, maana mikono ya kazi ina akili yake. Alipofunga ncha ya mwisho, Bi Kimya aliinuka, akajishika kiuno, akasema bila kugeuka:

"Mwisho wa mwezi utafute pengine. Sikuchukii. Yule alinificha, na wewe umenificha. Nikisikia ndoo sasa, nitajuaje ni ndoo?"

Usiku ule hakulia. Aliona ajabu kwamba amefukuzwa na bado kifua ni chepesi, kisha wepesi ukapita, akaanza kuwaza kabati litabebwa na nani.

Jumapili aliwaleta kupitia geti kubwa, mchana kweupe, kila mmoja mkono wake. Walipoingia uani alisimama. Mfuniko wa bati ulikuwa umerudishwa kwenye tangi, juu yake umewekwa ubao mnene, na juu ya ubao kiti. Kwenye kiti alikaa Bi Kimya, nywele zake katika mistari miwili miwili, mikono imekunjwa kifuani, kama askari asiyeamini kufuli lake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," msusi alisema.

"Marahaba. Mwisho wa mwezi uko palepale."

"Nimesikia, mama."

Kasuku alijichomoa, akaenda moja kwa moja mpaka miguuni kwa yule mama, akamkagua kichwa.

"Bibi, nani amekusuka?"

"Mama yako."

"Mama yangu anavuta! Umelia?"

Bi Kimya alimtazama mtoto, kisha ardhi iliyo kati ya mtoto na kiti, akiipima kwa macho.

"Kidogo," alisema. Kisha akampazia sauti msusi, sauti kubwa ambayo mtaa ule haukuwahi kumsikia nayo: "Na yule mwingine yuko wapi? Wewe! Sema yuko wapi, nisikie!"

"Yupo hapa, mama. Nimemshika."

"Sema tena."

"Nimemshika," msusi alisema, akaunyanyua juu mkono wa Mzee ili auone.